Kadi Moja Mkononi: Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Mtoto Mwenye Usonji Kuomba kwa Picha

Kisa ni kile kile, Unguja na Pemba. Mzazi ameambiwa mtoto wake asiyesema atumie picha. Anakwenda duka la fotokopi, anachapisha picha arubaini: ndizi, gari, choo, daktari, uso wa furaha, uso wa huzuni. Anazibandika ukutani ukumbini. Kila jioni anamkalisha mtoto mbele yake: "Hii nini? Na hii? Haya, nionyeshe ndizi." Mtoto anatazama feni. Wiki mbili zikipita, mzazi anasema, "Wangu mimi picha haziwezi."

Na mimi nilianza hivyo hivyo. Ubao wangu ulikuwa na picha arubaini na mbili, nimezipanga kwa rangi. Binti yangu alizibandua moja moja akazisukuma chini ya kabati, na huko ndiko nilikozikuta siku ya kupaka chokaa.

Kosa letu sote ni moja: tumeifanya picha kuwa mtihani. Mtoto anaulizwa, anajibu, hapati kitu. Picha ya kuombea haiendi hivyo. Inakwenda kama noti dukani: unaitoa mkononi mwako, unamtia muuzaji mkononi, unapewa boflo. Kwa hiyo hapa hatutabandika kitu ukutani, na hatutamwuliza mtoto "hii nini?" mpaka tufike mbali.

Utaratibu nitakaoueleza umetokana na PECS (Picture Exchange Communication System), mfumo wa hatua sita wa kuwasiliana kwa kutoa picha, uliobuniwa na Andy Bondy na Lori Frost katika jimbo la Delaware, Marekani, mwaka 1985. Hatua zangu hazilingani na zao moja kwa moja. Nimezipanga kwa nyumba zetu. Ukipata mtaalamu wa kukufundisha ana kwa ana, usimwache.

Jambo moja kabla ya kununua hata gundi: mtoto apimwe masikio hospitali. Mtoto asiyesikia na mtoto mwenye usonji wanaweza kufanana machoni pa jirani, na wapo wenye yote mawili. Na kama mtoto alikuwa na maneno kisha yakapotea, hilo mweleze daktari mapema.

## Neno la bibi

Kila nyumba ina mtu atakayesema, "Mkimzoesha makaratasi, hatasema tena." Mara nyingi ni bibi, na bibi ndiye anayekaa na mtoto mchana kutwa, kwa hiyo usimpuuze.

Mweleze hivi. Mwaka 2006 watafiti watatu, Millar, Light na Schlosser, walizipitia tafiti kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliofundishwa njia nyingine za kuwasiliana, zikiwamo picha na ishara za mikono. Katika watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hapakuwa na hata mmoja aliyepungukiwa usemi. Watatu walibaki pale pale, 24 waliongeza, ingawa kwa wengi ongezeko lilikuwa dogo. Basi usimwahidi bibi kwamba picha zitamfungua mtoto ulimi. Mwahidi kwamba hazitamfunga.

## Vitu vya kuwa navyo

- Picha tano au sita za vitu anavyovipenda, kila moja sentimita 5 kwa 5. Si arubaini.
- Karatasi ya manila ya kuzigandishia.
- Plastiki ya kuzifunika. Maduka mengi ya fotokopi yana mashine ya leminesheni. Pasipokuwa na mashine, selotepu pana ya kung'aa pande zote mbili inatosha.
- Utepe wa kunata, ule wa viatu vya watoto wenye upande wa manyoya na upande wa vijino. Ulizia kwa wauza vifaa vya ushoni.
- Faili la jalada gumu. Hili ndilo litakuwa kitabu cha kadi.
- Anachokipenda, kimekatwa vipande vidogo kuliko unavyodhani.
- Watu wazima wawili kwa siku za mwanzo. Wengi hudhani watapita bila ya sharti hili, na ndipo wanapokwama.

Kuhusu picha zenyewe: wapo watoto wanaoelewa mchoro tangu siku ya kwanza, na wapo wanaohitaji picha halisi ya kikombe chao wenyewe, chenye ufa wake. Kwa michoro, nenda kwenye tovuti ya ARASAAC ya Serikali ya Aragón, Hispania. Alama zake zinazidi elfu kumi na ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Urojo na ubuyu wa rangi utapiga picha mwenyewe kwa simu.

Ukipiga, weka kitu kimoja juu ya karatasi nyeupe, mchana, karibu na dirisha. Usiweke juu ya kanga. Mtoto ataliona ua la kanga kabla ya biskuti. Mama mmoja wa Wete alipiga urojo kutoka juu, bakuli zima, rangi ya manjano tupu. Kijana wake akawa anaitupa kadi ile kila akiiona. Tulikuja kugundua kwamba kwake yeye ile ilikuwa picha ya uji, na uji haupendi. Tukapiga upya kwa ubavuni, bajia na vipande vya mbatata vinachomoza juu, na kadi haikutupwa tena.

Andika jina juu ya picha kwa herufi ndogo. Hilo si la mtoto, ni la watu wa nyumbani, ili wote waite kitu jina moja. Kama ni boflo, iwe boflo kwa baba, kwa shangazi na kwa mwalimu.

Kadi ikishafunikwa, ikate ukiacha ukingo wa plastiki wa milimita 3 hivi kuizunguka karatasi. Ukikata mpaka kwenye karatasi, hewa yetu ya chumvi inaingia, na masika hayamaliziki kabla kadi haijavimba kama chapati. Ncha zizungushe kwa mkasi zisimchome. Utepe nao: chagua upande mmoja wa kadi zote na upande wa pili wa kitabu, na usibadilishe, ama sivyo kadi za mwezi ujao hazitashika.

## Hatua ya 1: Tafuta kinachomtoa mbio

Usimwulize mtu, hata mama yake, na hata kama mama yake ni wewe. Tazama. Weka vitu viwili juu ya mkeka, uone mkono unakwenda wapi kwanza. Badilisha kimoja, tazama tena. Fanya hivyo siku tatu na uandike.

Usibaki kwenye chakula. Kuna mtoto ambaye kwake hakuna zaidi ya kumwagiwa maji viganjani, au kufunikwa kanga kichwani na kufunuliwa, au mwanga wa tochi ukutani. Vyote hivyo vinaweza kuombwa.

Kinachofaa zaidi ni kinachokwisha haraka. Mfuko mzima wa chipsi za muhogo ni ombi moja, kisha mtoto kashiba. Kashata iliyokatwa vipande vya ukubwa wa kucha ni maombi kumi na tano. Ubuyu ni mzuri kwa sababu unamumunywa, lakini una kokwa. Kwa mtoto mdogo au anayemeza bila kutafuna, tafuta kitu kingine.

Kisha hamisha. Kama biskuti ziko mezani saa zote, akuombe za nini? Zitie kwenye chupa ya plastiki inayoonekana ndani, uiweke juu ya kabati, mahali anapoiona na haifikii.

Tahadhari. Usimfungie mtoto vya lazima. Chakula cha mchana, maji, dawa na choo hapewi kwa sharti la kadi. Tunafanyia mazoezi vya ziada. Nimewahi kumwona mzazi akimwekea mtoto kiu mpaka atoe kadi ya maji. Mtoto hakujifunza kadi, alijifunza kumkimbia yule mzazi.

Umefanikiwa ukiwa na orodha ya vitu vitano, kwa mpangilio wa uzito wake kwake.

## Hatua ya 2: Kutoa na kupokea

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu ukikosea hapa hakuna hatua ya mbele itakayokaa sawa.

Mtoto anakaa, au anasimama, vyovyote apendavyo. Mbele yake yuko mpokeaji, ameshika ubuyu unaoonekana. Nyuma yake yuko msaidizi. Kati ya mtoto na mpokeaji kuna kadi moja tu, ya ubuyu, chini au juu ya stuli. Kadi nyingine zote zimefichwa.

Kisha inakwenda hivi:

1. Mpokeaji anaonyesha ubuyu na kunyamaza. Hasemi "nipe picha", hasemi "unataka nini?", hasemi "sema ubuyu".
2. Mtoto anaunyooshea mkono ubuyu. Msingoje zaidi ya hapo. Mkono ukishatoka, kazi imeanza.
3. Msaidizi, kutoka nyuma, anauongoza ule mkono taratibu mpaka kwenye kadi, unaishika, unakwenda nayo kwa mpokeaji, unaiachia.
4. Mpokeaji anafungua kiganja pale mkono wa mtoto unapomfikia, si kabla. Papo hapo anatoa ubuyu na kusema kwa furaha, "Ubuyu!"

Papo hapo maana yake ni papo hapo. Ukisema kwanza "Mashaallah, hodari wewe, umeona baba yake?", ubuyu unafika mtoto kashasahau alifanya nini. Sifa zije naye anatafuna.

Kwa nini watu wawili? Kwa sababu mpokeaji akimsaidia mtoto yeye mwenyewe, mtoto anajifunza kwamba mazungumzo yanaanza pale mama anapomshika mkono. Atakaa akikungoja miaka. Msaidizi wa nyuma hana sauti na hana uso. Anaweza kupungua mpaka akatoweka, na mtoto asigundue kwamba kabaki peke yake.

Na kwa nini kunyamaza? Hili nalieleza kwa kisa. Chake Chake, barazani, kijana wa miaka mitano, mama yake kwa nyuma, shangazi yake mbele na ubuyu. Kila mtoto akinyoosha mkono, shangazi anaropoka, "Sema bwana, sema u-bu-yu!" Mtoto akawa hautazami ubuyu wala kadi, anatazama mdomo wa shangazi, anangoja amri. Tumemwambia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mapenzi yanamzidi nguvu. Mwisho nikamwomba atie kipande cha halua mdomoni mwake asikitafune upesi. Palikuwa kimya. Mara ya nne mama alimsaidia mwanawe nusu njia tu. Mara ya tisa mkono wa mama ulikuwa hewani, haukumgusa, na kadi ilikuwa kiganjani mwa shangazi. Akapiga kelele "UBUYU!" mpaka mtoto akaziba masikio. Basi nalo ni somo: furaha iwe ya sauti ya chini.

Msaada unapunguzwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kwanza unaacha kumsaidia kuachia kadi. Akiweza, unaacha kumsaidia kuifikisha. Mwisho unaacha kumsaidia kuiokota. Ukianza kuacha mwanzoni, anakwama kabla hajaonja faida.

Tahadhari. Mtoto asiyependa kushikwa asishikwe. Mguse kiwiko badala ya kiganja, au msogezee kadi ikutane na mkono wake. Akijivuta, acha, mwache atembee, rudini baadaye. Tunataka agundue kwamba ana njia ya kusema. Atagunduaje akiwa amebanwa?

Vipindi viwe vya dakika tano mpaka kumi, mara mbili au tatu kwa siku, na simamisha yeye angali anataka zaidi. Ramadhani hamishia baada ya futari, watu wakiwa wamekwisha kunywa uji na subira imerudi.

Umefanikiwa mtoto akitoa kadi bila kuguswa mara nane kati ya kumi, kwa kitu zaidi ya kimoja, na kwa mpokeaji zaidi ya mmoja. Wapo wanaofika siku ile ile. Wangu alichukua wiki tano.

## Hatua ya 3: Umbali

Mtoto sasa anatoa kadi ukiwa umekaa mbele yake kama picha ya pasipoti. Maisha hayako hivyo. Uko jikoni uani unakuna nazi, umempa mgongo.

Kwa hiyo rudi nyuma hatua moja. Kesho mbili. Keshokutwa geuza uso. Kisha sogeza kadi: iwe kwenye jalada la kitabu, na kitabu kining'inie msumarini kwenye urefu wa kifua chake, mahali pamoja siku zote. Ongeza umbali wa kwako au umbali wa kitabu, si vyote siku moja. Msaidizi bado yuko nyuma; mtoto akipotea njia, anamgeuza kwa begani bila ya neno.

Katika hatua hii wengi hufurahi mapema wakaacha. Usiache mpaka umwone akikifuata kitabu chake mwenyewe, anabandua kadi, anakutafuta. Mimi nilijua tumefika siku binti yangu aliponifuata mpaka kwenye kamba ya nguo, mikono yangu ina maji, akaichomeka kadi ya mkate wa ufuta chini ya kwapa langu.

Bibi, kaka na dada wote wapokee. Mtoto anayemwomba mama tu, mama akienda sokoni hana pa kusemea.

## Hatua ya 4: Kuchagua kati ya picha

Mpaka hapa mtoto huenda haitazami picha. Anajua tu kwamba kile kipande cha plastiki kinaleta kitu. Sasa ndipo picha inapata maana.

Anza na kadi mbili: anachokipenda sana na kisicho na thamani kwake, mfano ubuyu na soksi. Ziweke kwenye jalada. Akitoa ya ubuyu, sema "Ubuyu!" na umpe. Akitoa ya soksi, mpe soksi. Usicheke, usimwambie "siyo hiyo". Soksi yenyewe itamwambia.

Akishaonyesha kwamba hakuitaka, mrekebishe kwa mpango huu: gonga kwa kidole kadi ya ubuyu, akiitoa, sifu, lakini usimpe ubuyu bado, mwambie afanye kitu kingine chepesi anachokijua, kama kupiga makofi, kisha mrudishie kadi zote mbili aanze upya bila ya kidole chako. Safari hii akiitoa sawa, mpe. Yale makofi ya katikati watu wanayaona upuuzi. Bila yayo mtoto anajifunza kwamba kosa, kisha kidole, kisha ubuyu ndiyo njia yenyewe, na atakosea makusudi ili aione safari nzima.

Badilisha nafasi za kadi kila mara: kulia, kushoto, juu, chini. Nimekutana na mtoto aliyesemwa "anajua kadi zote", kumbe anajua upande wa kulia.

Kisha weka kadi mbili anazozipenda zote, ubuyu na biskuti. Hapa huwezi kujua kwa uso kama kachagua sawa. Kwa hiyo akikupa kadi, mletee vyote viwili kwenye sahani na umwambie, "Chukua." Akinyooshea mkono kile alichokiomba, mwachie. Akinyooshea kingine, funika sahani kwa upole, na mfanye yale marekebisho ya juu. Kutoka mbili nenda tatu, kutoka tatu nenda tano. Nilikuwa na haraka hapa nikaruka kutoka mbili mpaka kumi. Tulirudi nyuma mwezi mzima.

Umefanikiwa akifungua kitabu chenye kadi tano au zaidi, akipita zile asizozitaka, na akachukua kile alichokiomba.

## Hatua ya 5: Sentensi, na ugomvi wa "nataka"

Unakata kipande kirefu cha manila chenye utepe, unakibandika chini ya kitabu. Mtoto anaweka kadi ya kitendo, anaweka kadi ya kitu, anabandua kipande kizima na kukupa. Wewe unamsomea, ukigusa kila kadi.

Kitendo kipi? Kiswahili kimetufanyia wepesi: "nataka" ni kadi moja, mtu na kitendo vimo humo humo. Lakini kwetu mtoto hamwambii mkubwa "nataka". Bibi mmoja alikataa kupokea kadi mpaka ikabadilishwa, na sikumlaumu. Amueni mapema nyumba nzima: "nataka" au "naomba". Mimi nilichukua "naomba". Mkishachagua msigeuke.

Ukisoma, tua kabla ya neno la mwisho: "Naomba..." Hesabu moja mpaka nne kimoyomoyo. Wapo watoto wanaolitia neno wenyewe hapo, hata sauti ya kwanza tu. Asipotia, malizia wewe na umpe kitu chake vile vile. Usimshikie ubuyu mpaka aseme. Kadi ni kusema, ameshasema.

Rangi na ukubwa vinakuja baadaye, na hapa sarufi yetu ina mtego. Puto jekundu, mpira mwekundu, kigari chekundu, pipi nyekundu. Ukiandika "nyekundu" juu ya kadi ya rangi, kuna siku shangazi atasoma "puto nyekundu". Kadi ya rangi usiiandike kitu. Iwe doa la rangi tupu, na upatanisho autie msomaji mdomoni. Inakaa baada ya kitu, kama tunavyosema: naomba, puto, rangi.

Watu wataniuliza: mbona "shikamoo" haimo? Kila ukoo unataka kadi ya kwanza iwe shikamoo. Shikamoo haileti ubuyu. Itie mtoto akishaona kwamba kutoa kadi kuna maana. Anza nayo, na umeurudisha mtihani.

Akizoea, mpeleke mbele: muulize "Unaomba nini?" naye ajibu kwa kipande chake. Kisha zitieni kadi za "naona" na "nasikia", azungumze bila kuomba kitu. Na wewe mwenyewe ukizungumza gusa kadi zake: "Tunapanda dala dala," kidole juu ya dala dala. Mtoto anayeongelewa kwa maneno matupu siku nzima, ataona vipi kwamba kadi ni lugha ya watu wa nyumba hii?

## Hatua ya 6: Sitaki, subiri, hakuna

Ukweli ni kwamba "sitaki" isingoje zamu yake. Mara mtoto anapoweza kutoa kadi tano, itie: kiganja kilichoinuliwa, rangi nyingine kabisa, nje ya jalada. Pamoja nayo tia "nipumzike". Mtoto anayeng'ata au kujipiga kichwa mara nyingi anasema neno hili hili, hana tu pa kulitoa. Akikupa "sitaki", ondoa kitu, hata kama ni samaki uliyemchambua miba robo saa.

"Subiri" ni kadi kubwa anayoishika yeye. Anza na sekunde tano, mpe alichoomba. Kisha kumi. Ukianza na nusu saa umeifanya kadi ya uongo.

"Hakuna" niliisahau, na niliilipia. Umeme ulikatika usiku, joto la Februari. Binti yangu alipapasa msumari gizani, akanitia kadi mkononi. Niliwasha simu nikaona: feni. Nikasema, "Hakuna umeme, mama." Akaichukua, akanipa tena. Na tena. Kwake yeye nilikuwa muuzaji aliyepokea noti na kukataa kutoa mkate. Alilia mpaka alfajiri. Kesho yake nilitengeneza alama nyekundu ya mstari wa mshazari, inayobandikwa juu ya kadi ya kitu kisichopatikana, na pembeni yake kadi ya kinachopatikana: kipepeo cha ukindu. Hakuna bila ya badala ni mlango uliofungwa tu.

Kuhusu mtoto anayeomba kitu kimoja mara hamsini kwa siku, ushauri unaotolewa mitaani ni kukificha kitabu. Usikifiche hata kidogo. Bandika "hakuna" juu ya kadi ile, na kitabu kibaki msumarini. Kukiondoa ni kumziba mdomo.

## Nje ya nyumba

Kitabu kizima hakiendi kila mahali. Toboa kadi sita, zitie kwenye pete ya funguo, zining'inie mkobani: choo, maji, sitaki, nipumzike, nyumbani, na anachokipenda. Skuli na chuoni, yaani madrasa, nenda mwenyewe mara ya kwanza. Usimwachie mwalimu maelezo ya karatasi. Kaa nyuma ya mtoto, mwache mwalimu apokee kadi mara tatu, aone. Mwalimu wa chuo cha mtaani kwetu alikuwa na mashaka mpaka alipopewa "choo" katikati ya darasa, na mkeka ukasalimika.

Muuza duka naye ni mpokeaji mzuri kuliko sote. Hana mapenzi ya shangazi, hapendi maneno mengi, na anatoa kitu papo hapo. Mtangulie, umweleze, umlipe kabla.

Sikukuu ikikaribia, tengeneza kadi ya pembea mapema na uifanyie mazoezi nyumbani. Kadi mpya isikutane na mtoto kwa mara ya kwanza katikati ya makelele ya uwanja wa sikukuu wa Kariakoo, Unguja.

Kadi zitapotea, zitatafunwa, zitaanguka ndani ya kisima. Chapisha kila moja mara mbili tangu mwanzo, nakala ziwe kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, maana mende wanapenda gundi. Faili la picha libaki kwenye simu ya mtu mwingine pia, si yako peke yako. Yetu ya feni tumeshaichapisha mara nne.